Bomba Lililoombwa Ufukweni

Nilipohamishwa kutoka Mbinga kushuka ziwani, nilikabidhiwa kazi ya kuzihuisha kamati za ushauri za vitongoji. Katika kitongoji cha kwanza nilikuta kamati ya wanaume watupu, ikikutana asubuhi, saa ambazo akina mama wako vichanjani wakianika usipa, dagaa wa ziwa hili. Nikahamishia vikao alasiri, katika darasa la shule, nikadai nusu ya viti viwe vya wanawake. Niliamini kwamba mageuzi ni hayo.

Wanawake walikuja. Hoja yao ilikuwa moja: bomba lijengwe ufukweni, wasichote tena maji ziwani penye mamba. Mzee mmoja akataka lijengwe mlimani, penye ofisi ya kijiji.

"Baba, wewe ulijitwika ndoo lini?" mama mmoja akamuuliza.

"Siku ya harusi yako. Ilikuwa ya pombe."

Darasa zima likacheka, na mzee mwenyewe akaishia kuunga mkono ufukweni. Bibi mmoja alinyoosha mkono wenye kovu la mamba, kutoka kiwiko hadi kiganja.

Wakubwa zangu walijibu kwamba ushauri umepokelewa. Kisha mafundi wakaja, wakajenga bomba mlimani, mahali ambapo gari la mgeni rasmi lingefika. Njia ya kwenda huko ni mawe matupu. Wenye ndoo kichwani wakarudi ziwani. Nilipohoji, nilikumbushwa kwamba kamati hushauri, haiamui. Ilikuwa kweli tangu mwanzo, na viti vyote nilivyoongeza havikuigusa kweli hiyo.

Mwaka huu umeletwa mwongozo mpya: kamati zihuishwe tena. Nikaitisha kikao. Nilikaa mbele ya madawati matupu hadi yule bibi alipoingia na ndoo yake.

"Shikamoo, bibi. Wenzako wako njiani?"

"Marahaba, mwanangu. Hawaji. Mimi nimekuja usikae peke yako."

"Basi tuanze na hoja yako."

"Si ileile? Unayo." Akalitazama jua dirishani. "Niache nishuke. Mamba hawangoji akidi."

Nikafunga darasa, nikamfuata. Aliingia majini hadi magotini, akainamisha ndoo. Nilisimama mchangani nikiyakodolea macho maji, tayari kupiga kelele endapo yangetikisika.