Swara wa miguu mitatu na wanaume waliogawana nyama yake akiwa bado anakula nyasi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni nyanya mwenye wajukuu, sina haja ya kumdanganya mtu. Haya niliyaona kwa macho yangu, dirishani kwangu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunakaa mtaa wa Umoja, mstari wa mwisho kabisa wa nyumba. Ukitoka mlango wa nyuma ni nyasi tu mpaka Embakasi. Swara walikuwa wakija kula karibu na nyumba, tumeshazoea.

Asubuhi moja mume wangu Baba Mutua, dereva wa lori, akaona mmoja amevunjika mguu wa mbele. Unaning'inia tu. Wenzake wakaenda zao, yeye akabaki.

"Huyo hafiki Jumapili," akasema, utadhani ni daktari wa mifugo.

Sasa, uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku. Ukishikwa na nyama ya porini unalala ndani, kesho yake korti ya Makadara. Na mzoga hakuna anayekula. Kwa hivyo wanaume wakabuni ujanja: wamngoje akaribie kufa, halafu wamchinje "kwa huruma". Huruma yenye panga, gunia na chumvi!

Jirani yetu Baba Njeri alikuwa mkataji nyama kwa bucha moja pale Soko la Burma, kwa hivyo yeye ndiye aliyegawa. Wakasimama nyuma ya nyumba wakionyesha kwa kidole. Paja la aliyemwona kwanza, yaani mume wangu. Mbavu za mkataji. Kichwa cha supu ya wazee. Maini wakayagombania mpaka wakanuniana, na mwenye maini yuko pale anatafuna.

Jumapili ikafika. Swara yupo.

Ikaja nyingine. Yupo. Anachechemea, anakula, analala, anaulamba mguu, anaamka tena. Mbwa wa mtaa walimfukuza siku moja, akawaacha wakihema. Kiangazi hicho hata sisi maji ya mfereji yalikuwa shida. Sijui yeye alikunywa wapi.

Nasema wazi, nilikuwa upande wake. Kila asubuhi nilichungulia kabla hata ya kuwasha jiko, na nikimkosa siliwashi mpaka nimwone.

Mume wangu naye alishachoka kungoja, na mbaya zaidi alikuwa ameshaalika ndugu zake kutoka Machakos. "Kujeni Jumapili, kuna nyama." Sasa ni swara afe au yeye aaibike.

Wageni wakaja, sufuria ikabandikwa. Baba Mutua na Baba Njeri wakatoka na panga, wakinyata kwenye nyasi. Swara amelala. Nikajisemea, leo basi, wamempata.

Walipomkaribia, akainuka. Kwa miguu mitatu, wakuu, alitoka mbio hata vumbi likabaki likimtafuta. Baba Mutua akamfuata akipiga kelele, "Zuia huko! Baba Njeri, zuia huko!" akatumbukia kwenye mtaro wa wajenzi. Mguu, kwisha.

Alirudishwa kwa wilbaro, amefunikwa lile gunia la nyama. Wageni walikula ugali na sukuma wiki, wakaaga mapema.

Akafungwa plasta. Hapo ndipo nilipojua mgonjwa ni nini. Mto ugeuzwe. Uji ni moto. Uji umepoa. Nzi ametua kwa plasta, Mama Mutua kuja umfukuze.

Kitanda kilitazama dirisha. Siku moja swara akapita, mguu umeunga vibaya lakini anaukanyaga.

"Mama Mutua, funga hiyo pazia."

"Mwache aangalie," nikamjibu. "Amekuja kuona mgonjwa."

Hakuniongelesha mpaka jioni, aliposikia njaa.

Funzo nililobaki nalo: mnyama akivunjika mguu anatafuta nyasi, mwanaume akivunjika mguu anatafuta mke.

Haya, wanaume wa jukwaa hili, uwanja ni wenu, nitukaneni. Ila kila mmoja aanze kwa kutuambia chai aliyokunywa leo asubuhi ilipikwa na nani.