Mbwa wa Njuga na Mbwa wa Kubweka

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Kaniha, na mtu wa kwanza kuniita barabarani alikuwa jirani yetu wa zamani. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba kana kwamba hatujawahi kukosana. Miguuni pake palikuwa na boksi la sabuni lenye watoto wawili wa mbwa. Mmoja wa kienyeji, mwembamba, masikio yamesimama. Mwingine chotara wa wale wa polisi, miguu minene kama ya ndama.

"Msomi, umekuja wakati mzuri," akasema. "Mwenye mbwa ananipa mmoja tu. Nichukue yupi?"

Rafiki yangu, swali hilohilo mzee huyu aliwahi kumjibia bibi yangu.

Bibi alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, na ndiye aliyenilea. Shamba letu la mahindi lilipakana na msitu uliojaa nyani. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama unaonuka moshi, kisha bibi akatoka na mbwa wake, jike wa kienyeji mwenye rangi ya udongo, asiyebweka kabisa. Kwa sababu hiyo alimfunga njuga shingoni, kama wawindaji wa kwao. Njiani njuga ilijazwa majani makavu isilie. Wakiwakaribia nyani, bibi aliyachomoa majani, akamwachia. Mlio ule ulikimbia kati ya mahindi, na nyani wote walitoka. Mimi niliusikia nikiwa njiani kwenda shule, nikajua mchana tutakula.

Kisha mwizi akachukua mbuzi wetu. Jirani akaja kutupa pole, akala maharage yetu, akacheka.

"Mama, mbwa asiyebweka ni mbwa gani? Mwizi akija si atampa kiti?"

Akapendekeza tubadilishane: yeye amchukue jike wetu, sisi tuchukue dume lake kubwa kutoka Ngara mjini. Eti alituonea huruma. Bibi, ambaye bado alimlilia mbuzi wake, akakubali.

Dume lilibweka kweli. Lilimbwekea mwalimu, katekista, hata mvua. Lilikula ugali wa watu wawili. Lakini nyani wa kwanza alipolionyesha meno, lilikimbilia jikoni likajificha nyuma ya kuni. Upande wa pili wa mpaka wa shamba, mahindi ya jirani yalistawi. Bibi alipoomba arudishiwe mbwa wake, alijibiwa, "Tulipatana, mama. Yamekwisha."

Basi mbwa nikawa mimi. Msimu mzima nilikaa shambani nikipiga debe, nikarudia darasa la tano. Jirani akipita alinipigia kelele, "We mlinzi! Hebu bweka kidogo, watakimbia!"

Kila jike yule alipotoroka kuja kwetu, jirani alimfuata na kamba. Mwishowe akamfunga kwa waya, na mbwa akafa kwa kidonda cha shingo. Bibi alikaa mlangoni akichambua maharage ambayo alikuwa ameshayachambua.

Kanisani tulifundishwa kusamehe. Bado najiuliza kwa nini somo hilo husomewa zaidi walioumizwa.

Pale barabarani nilimhoji kama mshauri mwema, maana mbwa huchaguliwa kulingana na maisha ya mwenyewe.

"Shida yako hasa ni nini, mzee?"

"Nyani. Wanayamaliza mahindi."

"Na wezi?"

"Nina nini cha kuibiwa, mjukuu wangu?"

"Kuna mtoto nyumbani wa kulinda shamba?"

"Wote wameenda zao. Nimebaki peke yangu."

Hilo la mtoto niliuliza tena, nikahakikisha hakuna wa kupigishwa debe.

"Chukua huyu mkubwa," nikamwambia. "Sauti yake utaisikia hadi Nemba."

Akanibariki, akaomba namba yangu ya simu, akaondoka amempakata chotara wake.

Siku hizi Kaniha husikii njuga asubuhi. Bibi amefariki, shamba letu lina mwenyewe mwingine, na vijana wanaowatega nyani kwa sumu hawajui kwamba mbwa mmoja mkimya alitosha. Nikiwasimulia wenzangu wa chuo wanacheka, wanadhani nawatungia hadithi.

Mahindi ya mzee sasa yanaanza kubeba, na huo ndio msimu wa nyani. Jana asubuhi alinipigia. Niliiweka simu mezani mbele yangu, nikaitazama ikiita mpaka ikachoka.