Gulio la Wazungu, Beechmont

Enzi zetu kule kambi ya wakimbizi, Kigoma, siku ya gulio hakuna mtoto aliyesubiri kuamshwa. Harufu ya dagaa ilitutoa kitandani. Watanzania wa vijiji vya jirani walitandaza ndizi, mihogo na samaki, nasi Warundi tusio na pesa tulipeleka posho yetu, unga wa njano na maharage. Mama alibadilisha kopo la maharage kwa chane ya ndizi, lakini si kabla ya kuulizana habari za watoto wote, hata waliooa. Halafu alidai nyongeza. Watoto wa siku hizi wananunua viatu kwa simu wakiwa wamelala. Boksi linaachwa mlangoni na mtu asiyepiga hata hodi.

Hapa Marekani, mtaa wa Beechmont mjini Louisville, mimi nashinda kazini, wanangu shuleni, na mama anashinda dirishani akisuka vikapu. Hana rafiki hata mmoja mtaani. Niliogopa upweke ungemmaliza.

Basi vuli hii kanisa la jirani likafufua gulio la kale la Ulaya, la enzi za wafalme na mapanga, ili kuchangia paa lao. Nikamshawishi mama apeleke vikapu vyake viuzwe, pesa ziende kwa kanisa. Tulikuta wanaume waliovaa vyuma, wanawake waliofunga vilemba, watu wazima wanakula kuku kwa mikono. Nilishangaa. Kumbe hawa nao walikuwa na gulio? Waliliacha lini, na nani aliwadanganya waliache?

Nilimwacha mama mezani nikamtazame mhunzi. Niliporudi, vikapu vimekwisha na pesa hakuna. Mezani kuna asali, sabuni, mishumaa na upanga wa mbao.

"Mama, hawa walitakiwa kulipa."

"Si wamelipa? Tena yule wa mishumaa ni mgumu kweli. Tumevutana mpaka nikamwonyesha nyumba yetu ilipo."

Kiingereza hajui. Walivutana kwa vidole. Nilitumbukiza pesa zangu kwenye sanduku la kanisa.

Jumamosi iliyofuata mlango ukagongwa. Ni yule bibi wa mishumaa, kakumbatia fungu la majani makavu, anataka kufundishwa kusuka. Mama alimshika mkono akamwingiza ndani. Walikaa mpaka jioni wakicheka, kila mmoja kwa lugha yake.

Kambini tulikosa karibu kila kitu, lakini sikumbuki siku tuliyokaa bila mgeni. Hapa hatujalala njaa hata mara moja, na huyo alikuwa mgeni wa kwanza wa mama.