Mapakacha Mawili ya Nazi

Nusu ya usichana wangu niliimaliza nimekalishwa juu ya mto wa sufi, na hasira yake haijaniisha mpaka leo.

Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa mtoto, baada ya homa kali. Baba, aliyekuwa seremala, akanichongea magongo mawili, na kwa magongo hayo nilikwenda kisimani, nilikwenda shambani, na siku moja nilitoka kwetu Mwananyamala mpaka Kinondoni kumfuata mwanamke aliyeondoka na kuku wetu. Nikamkamata, na kuku nikarudi naye.

Lakini ikitangazwa shughuli tu, mambo yanageuka. Enzi zile za Mwingereza, mtaani kwetu harusi haikuwa na mpishi wa kukodi. Wanawake wote tunakwenda: huyu anachambua mchele, yule anamenya vitunguu, mwingine anakuna nazi. Asiyefanya kazi kwa wenzie, siku yake ikifika atapika peke yake. Mie nilikuwa nakwenda, tena mapema kuliko wote. Nikitokeza tu, kelele: "Mkeka! Leteni mkeka! Mtoto wa watu asisimame!" Naletewa mkeka, naletewa mto, naletewa chai ndani ya kikombe chenye picha ya Malkia, kile ambacho wenye nyumba walimtolea liwali akipita. Basi nakaa pale kama mke wa Bwana DC, nawatazama wenzangu wanafanya kazi, wanatukanana, wanacheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na jambo hilo lilikuwa likininyima usingizi. Nitaolewa, nitazaa, nitafiwa. Siku hizo watu watakuja kwangu kwa huruma, si kwa sababu nami niliwahi kuwamenyea hata kitunguu kimoja. Nilitaka kuwa na deni langu na haki yangu kama mwanamke mwingine yeyote wa mtaa ule.

Basi ikaja harusi ya binti wa nyumba ya nyuma yetu. Mkuu wa jiko alikuwa bibi mmoja mnene, mwenye ulimi ambao hata baba wa bibi harusi aliuogopa. Siku hiyo alikuja pia mke wa karani, Mkristo kutoka bara, aliyehamia mtaani miezi miwili tu. Akapewa kukuna nazi. Maskini, mbuzi ya kukunia nazi hakuwahi kuiona. Akakaa kinyumenyume, meno ya mbuzi yakawa nyuma yake, na alipojaribu kugeuka gauni likanasa, likachanika mpaka kiunoni.

Loo! Jiko zima liliangua kicheko. "Wewe mama," mkuu wa jiko akafoka, "huko kwenu nazi mnazitafuna na vifuu vyake? Geuka!" Wakamfunga kanga kiunoni, wakamgeuza, wakamfundisha, wakamtukana tena. Naye akacheka nao.

Siku yake ya kwanza, jamani! Anatukanwa kama mtu wa nyumbani, na mie niliyezaliwa hapo, kitovu changu kimezikwa hatua chache kutoka jiko lile, nimekaa na kikombe cha Malkia. Niliona wivu, wallahi, wivu mbaya.

Halafu hebu niambieni: nazi si inakunwa mtu amekaa? Umekaa kitako, mikono ndiyo inayofanya kazi! Na mikono yangu, kwa ajili ya yale magongo, ilikuwa na nguvu za kumwangusha fahali. Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeliona hilo.

Mkuu wa jiko alipotoka kwenda kugombana na mchinjaji, nikachukua magongo yangu nikainuka. Mama, aliyekuwa karibu yangu, akaikamata kanga yangu ya juu anizuie. Nikamwachia kanga.

"Dada, nipishe," nikamwambia mke wa karani.

Alinipisha mbio, akinishukuru kwa lugha ya kwao. Yeye akawa anavunja, mie nakuna. Wanawake wakaanza: "Mashallah, mwanangu, basi pumzika." Wakisema pumzika, mie naongeza mwendo. Pakacha la kwanza la nazi likaisha. Mwenzangu akaleta la pili. Nalo nikalimaliza, jasho linanitoka, sinia limefurika, na moyo wangu mweupe kabisa.

Pakacha la pili lilikuwa la kesho yake, la chakula cha wakwe. Mie sikuambiwa, maana nani humpa mgeni wa kwenye mkeka maagizo ya jikoni? Mke wa karani aliambiwa, lakini kwa vile vicheko na gauni lile akasahau. Na nazi iliyokunwa hailali, asubuhi inakuwa imechacha.

Mkuu wa jiko aliporudi akaliona sinia. Akayaona mapakacha matupu. "Mama karani!" akanguruma. "Umetuua!"

"Ni mie niliyekuna," nikasema.

Nikamwona anageuka kwangu mdomo wazi, tusi liko tayari kutoka. Kisha macho yake yakashuka kwenye magongo. Tusi akalimeza. Akalainisha sauti kama anayemsemesha mgonjwa: "Ah. Si neno, mwanangu. Bahati mbaya."

Hakuna kofi lililowahi kuniuma kama ile "si neno". Nikalipuka. "Kwa nini yeye atukanwe, mie niambiwe si neno? Nimekuna kwa mikono, mama, sikukuna kwa mguu!"

Mama yangu akajifunika uso kwa ile kanga niliyomwachia. Mkuu wa jiko akatupa mwiko chini.

"Kumbe unataka! Haya, sikia. Mpumbavu mkubwa wee! Umezaliwa mtaa huu, huna akili ya kuuliza? Wakwe wakija kesho tuwape nini, maji ya kisima? Na hizi ndizo nazi ulizokuna? Tazama, umekwangua mpaka kifuu! Kesho alfajiri nikukute hapa, ukune nyingine, na nikikuona na ule mto wako nakuchoma nao motoni!"

Nikaanza kulia. Akashtuka, akataka kunishika bega.

"Endelea, mama," nikamwambia. "Usiache."

Wali wa siku ile ulipikwa kwa nazi za siku mbili. Wanaume wakajilamba vidole, na kabla ya alasiri nusu yao walikuwa wameshika matumbo, wakikimbilia migombani. Baba wa bibi harusi akamwita mkwezi, nazi nyingine zikaangushwa. Alfajiri nilikuwa nimeshakaa kwenye mbuzi. Chai yangu ililetwa ndani ya kopo la maziwa lenye ukingo uliopinda, likanikata mdomo. Nikainywa yote.

Zamani nikipita watu walisema, "Yule kiwete wa kwa seremala." Tangu hapo wakasema, "Yule aliyekuna nazi za wakwe." Na mkuu wa jiko, mpaka Mungu alipomchukua, kila shughuli akiniona naingia alitangaza mbele za watu, "Ficheni mapakacha, mharibifu amefika!"

"Shikamoo, mama," nilimjibu, nikaupita mkeka, nikaenda kukaa kwenye mbuzi.