Ameomba Mwenyewe

Ilikuwa wakati wa mapumziko, walimu wanagombea vikombe vya chai, karani wa shule alipomvuta Mama Ramani mpaka nyuma ya kabati la mafaili. Akafungua jalada la barua zinazotoka, akatoa karatasi moja.

"Mimi sijakuonyesha kitu," alinong'ona. "Ila soma."

Mama Ramani akasoma. Kumbe ameomba uhamisho! Barua ilisema waziwazi kwamba mwalimu wa jiografia, kwa hiari yake na kwa sababu za kifamilia, ameomba mwenyewe kuondoka shule hii ya sekondari na kupelekwa shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani kwake. Alirudia mara tatu, akidhani labda yuko mwalimu mwingine wa jiografia aliyejificha mahali. Hayupo. Chini kabisa palikuwa na saini, na juu yake maneno "kwa niaba yake". Saini ile aliijua vizuri sana, maana ndiyo iliyo kwenye cheti chake cha ndoa.

Jamani, mtu anaweza kuomba kitu bila mwenyewe kujua?

Wanafunzi walimpa jina la Mama Ramani kwa sababu huchora ramani ubaoni kwa mkono mtupu, bila kuchungulia kitabu, na huku amewapa mgongo bado anajua nani anatafuna pipi. Mumewe alifundisha historia shule hiyohiyo. Yeye walimwita Karne, kwa kuwa hafungui kinywa bila kutaja karne ya ngapi. Meza zao ziligusana kwenye chumba cha walimu miaka kumi na tisa. Mwaka ule ndipo uliposhuka waraka kwamba historia, jiografia na uraia sasa ni somo moja la jamii, kitabu kimoja, vipindi vinne kwa wiki, mwalimu mmoja. Walimu walikuwa wawili. Mwalimu wa uraia alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma, na aliyekuwa akiziba pengo lake, bila hata ahsante, ni huyuhuyu Mama Ramani.

Chai hakuinywa. Aliingia kwa mkuu wa shule bila kubisha hodi.

"Nimeomba lini uhamisho?"

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lakini mwalimu, si mzee alisema mmekubaliana?"

"Mzee gani?"

"Mumeo. Nilimwita wiki iliyopita nikamwambia nafasi ni moja, nendeni mkayamalize nyumbani. Kesho yake akaja akaniambia yameisha."

"Yameisha na nani? Na ukuta?"

"Mnaishi nyumba moja, mwalimu. Mimi ningejuaje kama hamjaongea?"

"Kwa kuniita na mimi! Darasa langu hilo hapo, ukikohoa nakusikia. Kwani mimi nimeajiriwa na mume wangu?"

"Tafadhali, usipandishe sauti."

"Hii sijapandisha bado."

Na kweli alikuwa hajapandisha. Alimuuliza kama faili lake amelifungua. Mkuu akasema hakuona haja. Basi akamsomea yeye mwenyewe yaliyomo, kwa kichwa: chuoni alisomea jiografia na historia, yote mawili, na uraia ameubeba miaka miwili. Karne alisomea historia na lugha. Jiografia aliikimbia tangu kidato cha pili, na hajawahi kugeuka nyuma. Nusu saa nzima alieleza, kwa utaratibu, kama anavyoeleza darasani, kwamba somo hili analiweza lote.

"Sikatai," alisema mkuu. "Lakini mfikirie na yeye. Mwanamume aondolewe, mkewe abaki? Atajisikiaje?"

Loh! Hisia za Karne sasa zimekuwa sifa za kazi! Na za kwake je, zimeandikwa wapi? Mkuu akasema, kwa upole wa mtu anayetaka kwenda kula, kwamba barua inaondoka kesho saa tatu, na ikishaondoka hakuna wa kuirudisha.

Alitembea hadi nyumbani akiongea peke yake. Alikuwa amepanga la kusema, neno kwa neno. Akamkuta mumewe amekaa mezani, kitabu kipya kimefunguliwa, penseli sikioni.

"Afadhali umekuja, mama watoto," alisema Karne kwa furaha. "Hebu njoo unifafanulie. Hii mistari inayozungukazunguka kwenye ramani ndiyo nini? Mkaguzi anakuja wiki ijayo."

Yale maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Ilikuwa mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Mama Ramani huifundisha kwa kiazi: anakikata nusu, anakilaza sahanini, anaongeza maji kidogo kidogo, na kila maji yanapofika anachora mstari. Mtoto hachukui dakika tano kuelewa.

"Baba watoto, umeniandikia barua?"

Karne akashusha penseli. "Nilitaka nikwambie."

"Baada ya kuondoka?"

"Sikiliza, mke wangu. Nilikuonea huruma. Shule ya msingi ni hapa karibu, utapumzika. Mimi nikienda kufundisha watoto wadogo, na umri huu, watu watanionaje?"

"Na mimi watanionaje?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akasema jambo ambalo mpaka leo analijutia, "Lakini tutasaidiana. Wewe utakuwa unaniandalia vipindi vya jiografia jioni, mimi nakwenda kuvifundisha."

Ebo! Yaani kazi afanye yeye, cheo kiwe cha mwenzake! Mama Ramani alicheka, kicheko kibaya, hata mtoto wao wa mwisho akachungulia kutoka jikoni. Akakifunga kile kitabu kwa kiganja. "Mistari hiyo sikufundishi. Si leo, si kesho. Na asubuhi tunakwenda wote kwa mkuu."

Waliondoka kabla ya kengele, Mama Ramani mbele, Karne nyuma. Barua ilikuwa mezani, imeshatiwa kwenye bahasha.

"Sikuomba," alisema Mama Ramani. "Naomba iandikwe hivyo."

Mkuu akapumua kwa nguvu, akamgeukia Karne. "Mzee, hebu tusaidie. Wewe unasemaje?"

Mama Ramani nusura apige kelele. Badala yake akasema, "Muulize basi kama somo hili anaweza kulifundisha bila mimi."

Karne alitazama viatu vyake. Tuseme haki, mtu huyu hakuwa mwovu. Alikuwa amezoea tu, na mazoea yale yalikuwa yamemfaa. Alimtazama mkewe, akaona macho yake yamejaa maji na ni hasira tupu.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye anaweza. Na sikumuuliza, niliandika mwenyewe. Nipelekeni mimi nikafundishe lugha."

Mkuu hakuuliza swali la pili. Aliichana ile bahasha katikati, akaitupa kapuni, akavuta karatasi nyingine na kuandika jina la Karne. Haikuchukua hata dakika mbili. Mama Ramani alisimama palepale aliposimama jana akieleza nusu saa nzima kwamba anaweza, akaambiwa asipandishe sauti. Leo mumewe kasema siwezi, na kalamu inakimbia. Kazi yake ameipata, hilo lilikuwa kweli, na hasira yake ilikuwa palepale.

Mkuu akamaliza kuandika, akainuka na kunyoosha mkono juu ya meza. Mama Ramani akanyoosha wake. Ule wa mkuu ukampita, ukaenda kwa Karne.

"Ahsante sana, mzee," alisema. "Umetuamulia vizuri."