Mashine Niliyoichagua kwa Rangi

Mwaka 1986 serikali ilinipeleka Uswidi kwa wiki saba kujifunza utunzaji wa ghala. Nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja pale Mwanza, na mpaka leo sijui kwa nini jina langu ndilo lililopita. Niliondoka mwanzoni mwa Juni, nikarudi mwishoni mwa Julai. Kule nilikuta jua lisilotaka kuzama, majani mabichi, na mbu wakali kuliko wa kwetu Butimba.

Sasa mtu atarudije kutoka Ulaya akasimulie mbu? Nikasimulia theluji. Nilisema inafika kiunoni, na kwamba ukitema mate yanaganda kabla hayajagusa ardhi. Kila aliponijia mgeni niliongeza kidogo. Majirani wakaanza kuniita Mzee Uswidi, nami nikaitika kwa miaka tisa.

Mwaka 1995 nilikuwa nimeshapunguzwa kazini pamoja na wenzangu wengi. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mji ulijaa mitumba: suruali, friji, baiskeli, hata meno ya bandia niliyaona yakiuzwa. Kanisa la mtaani kwetu nalo lilipata kontena la vitu vya msaada kutoka Uswidi, likaamua kuvipiga mnada ili lipate bati za paa. Mchungaji akanisimamisha mbele ya watu.

"Mzee Alexander amekaa kule," akasema. "Atatueleza kila kitu ni cha nini."

Nilianza vizuri. Pasi niliijua, blenda niliijua. Mashine ya kukaushia nywele nikasema ni ya kukaushia soksi, na hakuna aliyebisha. Kisha wakasogeza mashine mbili za umeme zenye magurudumu na mpini mrefu. Kila moja ilikuwa na mdomo mpana mbele, ndani yake kuna mapanga ya mpira, na juu imetoka bomba lililopinda shingo kama bata. Sikuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Nikazizunguka mara mbili, nikakohoa.

"Hizi ni za kupepetea nafaka," nikasema. "Kule vijijini kila nyumba inayo."

Baada ya kusema hivyo ningewezaje kutonunua? Mbaruku, fundi wa kusuka mota, alikuwa amesimama karibu yangu. Akaninong'oneza, "Mzee, chukua hii ya kijivu. Zungusha mapanga kwa mkono uone, hayakwami. Hiyo nyekundu inakwaruza, na waya wake umeungwa kwa gundi. Halafu soma kile kibati, ujue inataka volti ngapi."

Nilikitazama kibati kwa muda ambao mtu mwenye miwani angetumia kukisoma. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikachukua nyekundu, kwa sababu rangi yake iling'aa na mdomo wake ulikuwa mpana zaidi. Volti zilikuwa sawa na za kwetu, lakini hilo nililijua baadaye, kwa bahati tu.

Jumamosi iliyofuata nikawaalika majirani. Mke wangu Wilhelmina alikuwa ametwanga debe la mpunga kutoka Usagara na kuumwaga kwenye turubai, mchele na pumba pamoja.

"Ungo upo," aliniambia.

"Ungo ni mambo ya zamani, Mama Koku."

Nikachomeka waya. Mashine ikanguruma, ikainama kwenye turubai, ikameza mchele na pumba bila kubagua, na bomba likatema vyote juu ya ua hadi kwa jirani yetu, bibi mmoja aitwaye Ng'washi. Badala ya kuzima, nikazungusha bomba. Vilivyobaki vikawapiga wageni wangu usoni. Debe zima lilikwisha kabla sijakumbuka swichi iko wapi. Upande wa pili wa ua kuku walikuwa wanapigania riziki.

Ng'washi akachungulia.

"Shikamoo, mama," nikasema, pumba zikiwa kwenye nyusi.

"Marahaba. Baba Koku, hii ya leo ni sadaka, au niwafukuze kuku?"

Wageni walipoondoka, Wilhelmina alifungua kifuko cha plastiki kilichofungwa kwenye mpini, ambacho mimi sikuwa nimekigusa. Akatoa karatasi yenye picha. Mzungu aliyevaa koti zito alikuwa akisukuma mashine kama yetu, na bomba lilikuwa likirusha pembeni kitu cheupe kilichofunika kila mahali.

"Baba Koku, hiki cheupe si ndiyo ile theluji yako?"

Nilisema huenda ni unga.

"Ulipokuwa huko uliniandikia barua nne," akasema. "Zote ulilalamika joto na mbu. Ninazo sandukuni."

"Kwa hiyo miaka yote hii ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Koku alikuwa halali bila kusikia habari ya yale mate."

Nilitamani ardhi inimeze, kama mashine ilivyomeza mchele. Kesho yake nikaenda kwa Ng'washi kuomba radhi, na nikiwa hapo hapo nikamwambia yote: sijawahi kuona theluji hata ya kijiko. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Kufikia Jumatatu Butimba nzima ilikuwa na habari. Wengine walisikitika. Walitaka niendelee.

Aliyeipa mashine kazi ni Wilhelmina. Aliiangalia ile picha siku mbili, akasema kitu kinachorusha vitu vyepesi kitarusha pumba. Alikuwa na kuku mia wa mayai, na kubadilisha pumba zilizotandikwa sakafuni bandani kulimvunja mgongo. Tukajaribu. Zile za zamani ziliruka moja kwa moja hadi shimo la mbolea, na mpya zikaingia bandani zikatandazika sawasawa. Mimi nikasema ndivyo nilivyokusudia tangu mnadani.

Mbaruku alikuja kuweka waya mpya unaochomoka pande zote mbili, akaniachia masharti. Chomoa kabla hujagusa mapanga. Ukimaliza futa vumbi kwenye matundu ya mota. Iweke juu ya matofali, palipo na paa. Usiipe kitu kibichi. Mkanda ukilegea, ukaze mapema.

Nilivunja masharti yote. Pumba zilipoziba mdomo niliingiza mkono huku waya uko ukutani. Wilhelmina akauchomoa kwa kuuvuta, akanitukana Kihaya mpaka nikasahau umri wangu. Mvua za Machi nikailazimisha kuzoa pumba zilizolowa. Ilikoroma, ikatoa moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua, ikanyamaza. Mbaruku akasuka mota upya, na hakusema neno lolote kuhusu ile ya kijivu, jambo lililoniuma kuliko kama angesema.

Tangu hapo waya unakaa kabatini kwa Wilhelmina, na ufunguo uko kwenye khanga yake. Ninaomba, ananipa, na kabla sijaanza anagusa pumba kwa kiganja aone kama zimekauka. Kuku wamefika mia tatu. Mayai yanakwenda hotelini mjini, na watu wakiuliza kazi yangu nasema nasukuma mashine ya mke wangu.

Wiki iliyopita mapanga yalikuwa yamelika. Nikakata mengine kwenye tairi kuukuu, nikayafunga kwa fahari, mashine ikagoma kuzunguka. Yalikuwa marefu kwa vidole viwili. Wilhelmina akaniletea kisu, rula ya shule ya Koku na miwani yangu, akavuta kigoda, akakaa pale mpaka nikamaliza la mwisho.