Miche Tuliyompelekea Mama Mdogo

Kwetu Wusi, miaka ile ya sabini, mche haukutolewa uchi. Ukimwomba jirani miche ya nyanya, alikung'olea pamoja na bonge la udongo wake, akakufungia kwa ganda la mgomba. Kukung'uta mizizi kulikuwa dalili ya uchoyo, na mama yangu hakuwa mchoyo.

Kwa hiyo mdogo wake alipofiwa na mume huko Mahoo, mama alimfungia miche ya kitalu kizima, na ule udongo mweusi wa kando ya mfereji alikootesha nyanya kila mwaka bila kuhama. Nilifuatana naye kuipeleka. Wakwe wa mama mdogo walikuwa wameshamwambia wazi: shamba la marehemu ni lake likizaa, likimshinda, linakwenda kwa shemeji yake.

Miche ilishika vizuri. Ilipoanza kutoa maua ikawa inanyauka jua la saa sita na kuinuka jioni. Mama mdogo akazidisha maji. Majani yakageuka manjano, kisha mashina yakaoza kuanzia chini.

"Huo ni mkono wa mjane," mama mkwe wake akasema, na watu wazima, waumini wa kila Jumapili, wakaitikia kwa vichwa. Mpaka leo nawakasirikia.

Bwana shamba alipokuja, mimi na mama tukiwa tumerudi Mahoo, aling'oa mmea mmoja. Mizizi ilikuwa imevimba vinundu kama tangawizi changa. Akatueleza kwamba ni minyoo isiyoonekana kwa macho. Inaingia kwenye mizizi, halafu ukungu wa udongoni unapitia kwenye vidonda vyake kumalizia kazi.

"Imekuja na udongo wa miche," akasema. "Sasa imeshaenea. Msirudishe nyanya hapa kwa misimu kadhaa."

Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ni udongo wangu, mdogo wangu. Ni mimi."

"Waambie wao, dada, si mimi."

Mama akaenda kuwaambia, akapiga magoti kabisa. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na aliyepanda ni nani?"

Mama mdogo akarudi nasi Wusi na vyombo vyake kwenye gunia.

Shemeji yake hakutaka kusikia ya bwana shamba. Msimu uliofuata alipanda nyanya palepale, zikafa zote. Hapo ndipo wakwe walipokumbuka kwamba udongo ule una minyoo.